Nyumba ya Bure na Kaburi Lake

Mimi ni mtu wa ndani. Mume wangu husema kwamba nikitoka mtaani kwetu Mvara kwenda sokoni mjini Arua, nikirudi napaswa kupokewa kwa ubani kama mtu aliyetoka Hija. Anatia chumvi, lakini si nyingi. Nina cherehani yangu barazani, nina birika langu, nina mlango ambao naujua unavyolia. Sioni haja ya kwenda kutazama mahali pengine ambapo nako kuna jua na vumbi lilelile. Kwa hiyo ni ajabu ya Mungu kwamba katika ukoo mzima, mimi ndiye niliyegeuka kuwa mkaguzi wa nyumba mbovu.

Aliyenigeuza ni mwenye nyumba yetu. Alikuja asubuhi moja, nikamkaribisha chai, akakataa. Nikajua hapohapo kuna jambo, kwa maana yule bwana hakuwahi kukataa chai yangu hata siku za mfungo. Akasema anataka kubomoa ajenge maduka, sisi tuwe tumetoka mvua zikikatika.

“Mama, mutapata tu pahali pengine,” akaniambia. “Arua ni kubwa.”

Arua ni kubwa kwa mtu anayependa kutembea.

Tukakubaliana, mimi na mume wangu, kwamba safari hii hatupangi tena. Tumehama vya kutosha, na kila tukihama mimi huugua mwezi mzima kwa kutafuta kijiko kilipo. Tutatafuta nyumba ya kwetu, hata kama imeinama, maana iliyosimama wima ilikuwa nje ya uwezo wetu. Mume wangu ni fundi wa magari, Mlugbara mtulivu, mtu wa kuingiza kichwa chote ndani ya injini na kukaa humo. Akaniambia, “Wewe ndio kazi yako kutia shaka. Anza.”

Nilianza na simu. Nikisubiri wateja, nilitazama video za watu wa nchi za mbali wanaonunua nyumba zilizoachwa kwa bei ya chupa ya soda. Mzungu mmoja anaingia, paa limeanguka, njiwa wamejaa chumbani, naye anacheka kama bwana harusi. Nilijiuliza anachekea nini. Video nzima sikumwona akimuuliza jirani hata mmoja. Kwetu, mtu akinunua nyumba bila kuuliza majirani, amenunua kesi.

Basi tukaenda Inde, karibu na soko, kuona nyumba ya bei rahisi mno. Ilikuwa nzuri mpaka nilipoona mstari wa kahawia ukutani, sawa na kiuno changu, umepakwa rangi juu haraka haraka. Ni maji yaliyofika pale. Dalali akasema ni urembo. Chini ya Arua Hill dalali mwingine alituonyesha nyumba ya kizamani yenye madirisha marefu, akawa anafungua mlango kwa kisu. Nikamuuliza mbona hana ufunguo. Akasema ufunguo uko Kampala. Nikamwambia basi na mimi pesa yangu iko Kampala, zikutane.

Ndivyo nilivyo. Nikiletewa kitambaa sikitazami upande wa maua. Nakigeuza, natafuta pale kilipoungwa na pale panya alipoonja. Na kitambaa cha bure nakigeuza mara nyingi zaidi. Kwa hiyo fikiria hali yangu siku mjomba wangu alipokuja kunipa nyumba.

Mjomba wangu, kaka wa mama, ni mzee wa Kinubi wa mtindo wa kale: kanzu imepigwa pasi, kofia haishuki kichwani, mkono haufunguki kirahisi. Ukienda kwake, sukari anakutilia yeye. Alikaa barazani kwangu, akatazama cherehani kama ndiyo anayoongea nayo.

“Sikia, binti yangu. Nasikia wanakufukuza.”

“Hawanifukuzi, Mjomba. Wananiomba nitoke kwa adabu.”

“Iko nyumba yangu Koboko. Chukua.”

“Nipange?”

“Chukua. Bure. Tunaita cheyamani wa mtaa, tunaandika, inakuwa yako. Nyumba inataka mutu. Bila mutu inakufa.”

Mguu wangu ukasimama juu ya kanyagio.

“Mjomba, ndani iko nini?”

“Ndani iko popo.”

“Na nje?”

Akakohoa. “Nje iko uwanja.”

Jioni nikamweleza mume wangu. Akacheka mpaka akaweka sahani chini.

“Bure? Mjomba yako? Yule anakausha majani ya chai achemshe tena?”

“Usimtukane mjomba wangu.”

“Simtukani. Namuogopa.”

Tulikwenda siku ya mvua, kwa makusudi. Watu hukagua nyumba kiangazi, wakati kila paa ni zuri. Nilipanda pikipiki nyuma ya mume wangu, nikafumba macho kuanzia Mvara, kwa hiyo habari za barabara ya Koboko muulizeni yeye. Mimi najua harufu yake tu.

Nyumba ilikuwa upande wa nyuma wa mji, mbali kidogo na soko ambako Wakongomani huleta bidhaa zao. Matofali ya kuchoma, yameungwa kwa udongo, na lipu ya saruji upande wa mbele tu, kama mtu aliyevaa koti bila shati. Mume wangu akaanza na paa, mimi nikaanza na miimo. Nikabonyeza mwimo wa mlango kwa kidole, kidole kikaingia mpaka pingili ya pili: mchwa. Choo kilikuwa kimezama upande mmoja. Mabati yalivuja kwenye misumari, lakini hayakuoza. Pembeni ya dirisha palikuwa na ufa, mume wangu akautazama muda mrefu, akakuta ndani yake utando wa buibui mzee. “Hii imetulia,” akasema. “Haiendi popote.” Popo walikuwepo, kama tulivyoahidiwa.

Tukapiga hesabu ya mabati machache, miimo mipya, choo kipya na saruji ya sakafu. Tungeweza. Kidogokidogo, lakini tungeweza. Na hapo ndipo shaka yangu ilipopanda. Mtu akikupa kitu kibovu bure, unamwelewa. Hii nyumba haikuwa mbovu kiasi cha kuwa bure.

Halafu majirani. Walitoka wote, kwenye mvua, na tabasamu.

“Mutakaa hapa? Karibu sana! Mukae!”

Mimi nimepanga nyumba nyingi maishani. Hakuna jirani aliyewahi kufurahi hivyo kabla hajajua kama nina watoto wezi.

“Tuzunguke uwanja,” nikamwambia mume wangu.

Kwenye pembe ya mwisho kabisa, pale mipaka miwili inapokutana, tulikuta kaburi. Kaburi la saruji, limepakwa chokaa, limezungukwa na maua yaliyopaliliwa. Nikasimama. Sisi Wanubi tunazikana kwenye makaburi ya Waislamu ya mji. Nyumbani hatuachi maiti. Lakini Wakakwa wa Koboko, kama Walugbara wa mume wangu, humzika mtu wao nyumbani kwake, na pale alipolala baba ndipo ardhi yako ilipo. Huwezi kuja na karatasi ukamshinda baba wa mtu.

Mwanamke mmoja wa umri wa mama yangu alikuwa anafagia pembeni ya kaburi, amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua. Akainuka.

“Mumekuja kusalimia baba?”

“Baba gani, mama?”

“Baba yangu. Iko hapa.” Akaipapasa ile saruji kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. Kwake palikuwa nyuma ya ua, uwanja unaofuata.

Vijana wawili wenye ndevu, watoto wa kaka yake, wakaja kuegemea ua. Walikuwa na adabu sana.

“Hii pembe ni ya babu,” mmoja akasema. “Na kwa babu ndio kwetu.”

“Pembe inaishia wapi?” nikauliza.

Akanyoosha mkono. Mkono ukapita kaburi, ukapita jiko, ukapita choo kilichozama, ukatua mlangoni mwa sebule.

“Hapo,” akasema. “Lakini nyinyi mukae tu. Tutaongea.”

Tulirudi Mvara na kukuta mwenye nyumba ameshamwaga mchanga mbele ya baraza yangu, lundo kubwa, cherehani inaliona. Kule Koboko fundi wa ujenzi tuliyeongea naye alituambia wazi kwamba hatatia jembe pale mpaka habari ya mpaka iishe. Na mvua zilikuwa zinaanza kukatika.

Nilishona mshono uleule mara mbili mpaka mume wangu akaniuliza kama ninaumwa.

“Lile kaburi,” nikasema, “si letu. Sisi tunamlaza mtu ubavu wa kulia, uso kibla. Lile halikuelekea kibla.”

“Hata letu si hivyo,” akasema. “Sisi mutu mukubwa hatumpeleki mbali. Tunamweka karibu na nyumba, asikie watu wakiongea. Huyu wamemtupa kwa mpaka kama jiwe la alama.”

“Limenyooka na ua.”

“Limenyooka sana. Kama ukuta.”

Tukatazamana. Mume wangu akaanza kucheka, kisha akaacha.

Kesho yake nilitoka nyumbani kwa miguu yangu, jambo ambalo majirani bado wanalizungumza, nikaenda kwa mjomba na maandazi. Nilipofika, nikachukua kopo la sukari nikajitilia mwenyewe. Hakunizuia. Nikajua nimempata.

“Mjomba, pale kwa pembe umezika nini?”

Akavua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa tena.

“Matofali,” akasema.

Alinieleza polepole. Wakati wa vita vya zamani, ile vurugu ambapo watu wote wa mtaa walikimbilia Kongo, yeye alichelewa kuondoka. Akatazama uwanja wake akaona hauna kaburi. Alijua siku atakayorudi wataambiana: Mnubi huyu iko na nini hapa, alizika nani? Basi akakusanya matofali yaliyobaki kwenye ujenzi wa jiko, akayapanga kwenye pembe, akayafunika saruji. Hakuandika jina. Ndipo akakimbia.

Na ilifanya kazi. Aliporudi baada ya miaka, viwanja vya rafiki zake vilikuwa vimemegwa kila upande. Chake kilikuwa kizima, maana hakuna aliyethubutu kumsukuma maiti. Ila maiti alikuwa amepata jamaa. Baba wa yule mama alipotea katika mbio zilezile. Hakuna aliyeona alipoangukia. Yule mama alitoka Kongo kabla ya mjomba, akakuta nyuma ya ua wao kaburi jipya, na nyumba tupu, hakuna wa kumuuliza.

“Nilikuta amepanda maua,” mjomba akasema. “Ningesema nini? Nimwambie mama, unalilia jiko?”

“Kwa hiyo unanipa nyumba.”

“Nakupa nyumba.”

“Na matofali.”

“Matofali pia bure.”

Sijui kama nilikasirika. Nilitaka kukasirika, lakini kichwa changu kilikuwa tayari kimeshaweka cherehani kwenye kile chumba cha mbele, karibu na dirisha lenye ufa uliotulia.

Vijana walitaka kikao, kikao kikawekwa. Njiani mjomba akatuambia ameamua kusema kweli. Amechoka, anasali safu ya mbele, hawezi kufa na kaburi la uongo.

“Muzee,” mume wangu akamwambia kwa upole, “ukisema ni tupu, watasema tuchimbue tuone. Nani atachimbua? Mimi simo.”

“Nitachimbua mwenyewe.”

“Mbele ya yule mama?”

Mjomba akaishika kofia yake, akaiweka sawa.

Tulikaa kwenye baraza ya ile nyumba, cheyamani wa mtaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, sisi kwenye mkeka, vijana wamesimama. Yule mama alikuja wa mwisho, amevaa kitenge kizuri, akakaa mbali kidogo, karibu na ngazi. Vijana wakaongea vizuri, lazima niseme kweli. Babu yao amelala pale, wao ndio damu yake, wamepalilia miaka yote, na mtu hawezi kugeuza uwanja wa babu kuwa choo cha wapangaji. Watu wakaguna kukubali. Hata mimi nilikaribia kuguna.

Cheyamani akageuka. “Sasa muzee, nyumba ni yako. Wewe ndio ulikuwa hapa mwisho. Sema. Nani iko pale?”

Mjomba akasimama. Akavua kofia. Sikuwahi kuona kichwa cha mjomba wangu. Kilikuwa cheupe na kidogo kuliko nilivyodhani. Akafungua mdomo.

“Ngoja,” yule mama akasema.

Hakupaza sauti. Alikuwa bado amekaa.

“Muzee asichoke bure. Mimi nitasema. Wakati wa kukimbia, baba yangu alishindwa njiani. Ugonjwa. Akaja kwa mlango wa huyu muzee. Alikuwa mugeni wake. Muzee akamzika.” Akapanga kitenge magotini. “Mugeni hachukui nyumba ya mutu aliyemzika. Baba hataki uwanja. Anataka pahali pa kulala, na njia mimi nipite na ufagio. Ama si hivyo, muzee? Ama wewe uko na neno ingine?”

Alimtazama mjomba, na mimi nilimtazama yeye, kwa lile jicho langu la kugeuza kitambaa. Macho hayakupepesa. Niliona, au nadhani niliona, mtu anayejua vizuri sana kilichoko chini ya ile saruji, na ambaye ameamua bei yake.

Kijana mmoja akaruka. “Shangazi! Si wewe ulisema haujui nani alimzika?”

“Nimekumbuka.”

“Leo?”

“Leo. Wewe ulikuwa umezaliwa?”

Watu wakacheka. Kijana akatazama chini. Cheyamani akakohoa akamrudia mjomba.

“Muzee, ni hivyo?”

Mjomba alikuwa bado ameshika kofia kwa mikono miwili. Nilimwona akimtazama yule mama, akaitazama pembe, akanitazama mimi. Nami nikatazama mkeka.

“Nilimzika,” akasema. “Kwa mikono yangu.”

Ikaandikwa hivyo: nyumba na uwanja vyetu, pembe na njia vya mama. Vijana waliweka dole gumba bila furaha. Mjomba akaondoka mbele yetu, hakungoja chai, na tangu siku ile ukienda kwake anakuachia kopo la sukari mezani.

Tulihamia Koboko kabla lundo la mchanga wa Mvara halijafika madirishani. Niliugua mwezi wangu kama kawaida, nikatafuta vijiko, nikavipata. Popo walitoka kwa moshi wa pilipili. Sasa nina dirisha langu, nina mlango mpya ambao bado sijazoea unavyolia, na yule mama hupita na ufagio asubuhi, hunisalimu, hunywa chai yangu. Haulizi kitu nami siulizi waziwazi. Nimejaribu kumvizia kwa maneno, najiambia mwenyewe kwamba ni maongezi tu. “Mama, baba yako alikuwa mtu wa namna gani?” Hunijibu kwa furaha: alipenda kuimba, alichukia bamia. Nikisogea karibu na habari ya kuzikwa, hukumbuka kwamba ameacha maharage motoni. Jiko lake naliona kutoka kwangu. Siku nyingine halina moto.

Mvua kubwa ya juzi ilibandua saruji ya kaburi upande mmoja. Pakabaki shimo sawa na ngumi. Yule mama alikuja mapema, amebeba saruji kidogo kwenye karai, akamwomba mume wangu msaada. Mume wangu akachukua mwiko, akapiga goti, na kwa mazoea ya kazi yake akainamisha kichwa kuelekea kwenye shimo.

Kitenge kikatua mbele ya macho yake. Yule mama alikuwa amekitandaza kwa mikono miwili, kama pazia la mtu anayeoga.

“Mwanangu,” akasema, “ziba tu. Usichungulie.”

Mume wangu akanitazama. Mimi nilikuwa nimesimama na birika, nimeshanyoosha shingo kuliko inavyofaa. Nikairudisha. Akageuza uso upande wa barabara, akaanza kupaka kwa kupapasa, saruji nyingine ikienda kwenye majani, naye mama akimwelekeza kutoka juu ya pazia lake.

“Kushoto kidogo. Taratibu. Hapo.” Akashusha sauti. “Hapo ni kichwa.”